Kuhamisha santuri na kanda za zamani kwenda kompyuta: anza na kanda za nyumbani, muziki wa dukani utasubiri

Mzee wa Upande B

Wakuu, habari zenu. Kila nikigusia santuri napata ujumbe wa pembeni wenye swali lilelile: mzee kaacha boksi la kanda na santuri, nazihamishaje kwenye kompyuta kabla hazijaharibika? Leo najibu mara moja hadharani. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu, hatutagombana.

Kabla ya waya na programu, tuelewane jambo moja: usianze na santuri. Najua ndizo zinazovutia, zina majalada mazuri na ukiishika mkononi unaona umeshika kitu. Lakini santuri ya Mbaraka Mwinshehe au ya Marijani Rajab ilifyatuliwa nakala nyingi, na kuna mtu mahali fulani ameshaihamisha na kuiweka YouTube, pengine kutoka nakala safi kuliko hiyo yako iliyochezwa kwenye kila sherehe ya mtaa. Kanda ya harusi ya shangazi yako, babu akighani mashairi barazani, mawaidha ya sheikh wenu, kwaya ya kigango iliyorekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kiti, hizo ziko moja tu duniani. Zikifa zimekufa.

Isitoshe, santuri ya plastiki ikisimamishwa wima mbali na jua itatuzika sote. Kanda ni utepe mwembamba uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi huchoka. Ukiishi pwani ndiyo kabisa, maana joto na unyevu vinaila kimyakimya ndani ya kabati.

Kwa hiyo chambua boksi kwanza. Zilizorekodiwa nyumbani weka mbele. Zifuate zile mlizorekodi redioni au zilizorekodishwa kibandani, enzi zile unapeleka orodha ya nyimbo na kanda tupu, kesho yake unaifuata. Usizidharau. Wimbo wenyewe unaweza kuwa umejaa kila mahali, lakini katikati pana sauti ya mtangazaji, salamu za wasikilizaji, tangazo la sabuni, taarifa ya habari iliyokatwa nusu. Hivyo ndivyo visivyopatikana. Kanda za dukani zenye jalada la kuchapwa ziwe za mwisho.

Sasa kazi yenyewe. Kabla kanda haijaingia kwenye mashine yoyote, angalia mgongo wake. Kuna vijiti viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Vikiwepo, mashine inaweza kurekodi juu ya kilichomo. Vivunje. Wazee wetu wengi walikuwa wakiziba matundu hayo kwa karatasi au selotepu ili kanda itumike tena, basi toa hiyo karatasi. Kugusa kitufe chekundu kwa bahati mbaya sekunde tano kunatosha kufuta sauti ya mtu aliyekwisha kufariki.

Kisha tazama utepe kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe au vidoadoa ukingoni, huo ni ukungu, usiicheze. Tazama pia kile kipande cha kitambaa kinachosukuma utepe kwenye hedi (kichwa cha mashine kinachosoma sauti), hukaa juu ya kibati kidogo katikati ya mdomo wa kanda. Mara nyingi gundi yake imekauka kikadondoka, na hapo kanda husikika kwa mbali, sauti inakuja inapotea. Chukua kipande kutoka kanda tupu ya bei rahisi ukibandike. Kama kanda ina skurubu tano, umebahatika, inafunguka. Kama imegandishwa, utaipasua taratibu kwenye mshono na kuhamishia utepe kwenye ganda jingine lenye skurubu.

Kanda iliyokaa miaka bila kuguswa, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo kabla ya kuisikiliza. Tabaka zilizogandana huachiana na mvuto unakuwa sawa. Za C120, yaani za dakika 120, nenda nazo polepole, au zungusha kwa kalamu ya Bic, maana utepe wake una unene wa mikromita 9 hivi, karibu nusu ya ule wa C60. Mashine kuukuu inaumeza bila taarifa.

Mashine: tafuta deki ya kweli, ile ya kuunganisha kwenye amplifaya, hata ikiwa kuukuu. Vile vikaseti vidogo vya USB vinavyouzwa mtandaoni sipendekezi. Mwendo wake unayumba, wimbo wa taarabu wenye vinanda virefu unasikika unalia. Deki nzuri ya zamani iliyopita kwa fundi inavishinda vyote. Redio kaseti kubwa yenye matundu ya LINE OUT nyuma nayo inafaa.

Safisha hedi. Pamba ya masikio, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, sugua hedi na kile kichuma kinachozunguka pembeni yake mpaka pamba itoke nyeupe. Kiraba cheusi kinachobana utepe kifute pia, ila usikiloweshe. Rudia kila baada ya kanda chache, na kwa kanda chakavu rudia baada ya kila moja.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui: pembe ya hedi. Kanda ya nyumbani ilirekodiwa kwa mashine fulani ambayo hedi yake ilikaa kwa pembe yake. Mashine yako imekaa kivingine, na matokeo yake ni sauti iliyofifia, herufi za "s" hazisikiki, watu wanadhani kanda imechoka. Kando ya hedi kuna skurubu moja yenye springi au rangi ya kufungia. Weka alama ilipo, cheza kanda, igeuze kidogo sana huku ukisikiliza kwa mono (chaneli mbili zikiunganishwa kuwa moja), utasikia sauti inafunguka. Hapo ndipo pake kwa kanda hiyo, si lazima pawe pake kwa kanda nyingine. Kwangu hatua hii inashinda programu zote za kusafisha sauti zilizowahi kuandikwa.

Dolby, ule mfumo wa kupunguza kelele ya kanda: kama kanda ya dukani imeandikwa Dolby B, washa. Kama ilirekodiwa kwa redio kaseti sebuleni, zima, maana redio ile haikuwa nayo.

Kuunganisha ni rahisi. Nyuma ya deki kuna matundu mawili ya RCA yaliyoandikwa LINE OUT, jekundu na jeupe. Waya uende kwenye kadi ya sauti ya USB, na USB iingie kwenye kompyuta. Laptopu nyingi za siku hizi zina tundu moja tu la pembeni, la spika za masikioni na maikrofoni pamoja, nalo linapokea sauti ya maikrofoni ya chaneli moja. Ukichomeka deki humo utapata mono iliyokwaruza. Kadi ya USB ya bei ya chini yenye biti 24 inatosha kabisa. Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya laptopu utumie betri, mara nyingi unaondoka hapohapo.

Programu ni Audacity, ya bure, ipo tangu 2000, inaenda hata kwenye kompyuta kongwe. Weka biti 24 na kilohezi 48. Kanda ya C60 nzima itakula kama GB 1. Wenye diski kubwa waende kilohezi 96, kama hifadhi za sauti zinavyofanya, lakini kwa kanda ya sebuleni sioni sababu ya kuumia. Kiwango cha sauti: vilele viishie karibu na desibeli 6 chini ya sifuri. Kikigonga sifuri sauti inakatwa kichwa, na iliyokatwa hairudi. Ikiwa chini kidogo hakuna hasara, utaipandisha baadaye.

Rekodi upande mzima bila kusimamisha. C90 itachukua dakika 90, hakuna njia ya mkato, fanya shughuli zako nyingine lakini usiende mbali. Hifadhi faili hilo ghafi kama WAV au FLAC, aina zisizopunguza ubora wa sauti, na usiliguse tena milele. Kukata, kusafisha na kutengeneza MP3 za kuwarushia ndugu WhatsApp vyote vifanyike kwenye nakala.

Santuri nitazieleza kwa kifupi. Sindano inatoa umeme mdogo sana, kama milivolti 5, tena wenye besi iliyopunguzwa na sauti nyembamba zilizopandishwa. Santuri hukatwa hivyo makusudi, kwa kipimo cha RIAA kilichokubaliwa katika miaka ya 1950, ili mifereji isiwe mipana mno na mikwaruzo isisikike sana. Kwa hiyo lazima upitie kwenye tundu la PHONO la amplifaya, au priampu ya phono (kikuza sauti kidogo cha gramafoni), au kadi yenye phono ndani yake kama Behringer UFO202. Ukichomeka moja kwa moja utapata muziki wa mbu. Ule waya mwembamba wa ziada unaotoka kwenye gramafoni ni wa ardhi, ufunge kwenye skurubu ya amplifaya, usiuache unaning'inia.

Sindano mpya kwanza, ndipo santuri. Sindano iliyochoka inachimba mfereji, kila unapoicheza unapunguza. Na tafadhali, wale wa kuweka sarafu juu ya mkono wa sindano ili isiruke: katriji nyingi (kile kichwa kinachoshika sindano) zinataka gramu 1.5 hadi 2 hivi. Pima.

Kuosha: maji yaliyokenekwa (distilled), tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mifereji, suuza kwa maji yaleyale yaliyokenekwa, acha ikauke kivulini. Maji hayo utayapata vituo vya mafuta, yale ya kuongezea kwenye betri. Soma chupa vizuri, usibebe tindikali.

Karibuni kwa maswali.

---

Binti Pangani

Mzee shikamoo. Kanda za marehemu baba ndizo hizo zenye unga mweupe. Ni nyingi, zilikaa ghala la nyumba ya Tanga miaka mingi. Nizitupe?

Mzee wa Upande B

Marahaba binti. Usitupe hata moja. Kwanza zitenge na nzima, ukungu unahama. Zitoe kwenye vikasha, viweke hivyo vikasha mbali au uvioshe, na kanda uziweke kwenye dumu au kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ziache humo wiki kadhaa. Usianike juani wala usitumie mashine ya kukausha nywele, joto linapinda utepe.

Ukungu ukikauka unakuwa vumbi, tena vumbi baya kwa kifua. Fanya kazi nje, vaa barakoa. Fungua ganda, futa kingo za mizunguko yote miwili kwa kitambaa kikavu laini. Kisha hamishia kwenye ganda jipya na uzungushe kwa mkono huku utepe ukipita katikati ya kitambaa. Ukimaliza, safisha deki yote kabla ya kuweka kanda nyingine. Tumia deki ambayo hutaionea huruma.

Ngoma za River Road

Salamu kutoka Nairobi. Nakubaliana na mwanzilishi kuhusu kanda za nyumbani, ila nitetee santuri kidogo. Si zote ziko YouTube. Kuna 45 (santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika) za benga na za rumba zilizotolewa na kampuni ndogondogo za muziki za hapa River Road ambazo hata familia ya mwanamuziki haina. Kabla hujaamua santuri yako ni ya kawaida, itafute kwa jina la bendi na kwa namba iliyo kwenye lebo.

Pia mtu wa 45 za Afrika Mashariki ajue hili. Nyimbo zetu zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja, basi zikagawanywa, sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Mara nyingi sauti inafifishwa mwishoni mwa A, na B inaanzia pale gitaa linapochemka. Ukizihamisha kama nyimbo mbili umeukata wimbo mgongo. Ziunganishe kwenye nakala: sawazisha kwanza viwango vya sauti, maana pande mbili hazilingani, tafuta pigo la ngoma ambapo A bado haijaanza kufifia, uingize B. Wakati mwingine pande hizo zinarudia mizunguko kadhaa, ukisikiliza vizuri utajua pa kushonea. Lakini lile faili ghafi la pande mbili liache lilivyo.

Na piga picha lebo pande zote mbili, halafu soma ile namba iliyochorwa kwenye plastiki tupu karibu na lebo. Lebo zilibandikwa vibaya mara nyingi tu, wimbo wa A umeandikwa B. Namba iliyochorwa haikosei sana.

Mzee wa Upande B

Mkuu hapo kwenye kampuni ndogo nimekuelewa, nakubali. Za namna hiyo zipande foleni mpaka juu. Ninaowakemea ni wale wanaoanza na santuri za kampuni kubwa ya Polydor zinazojulikana na dunia nzima huku sauti ya bibi yao inaozea kabatini.

Fundi Mota

Niongeze upande wa ufundi, maana deki za mtumba ndizo zinazotuletea riziki. Deki iliyokaa muda mrefu tatizo la kwanza ni mipira. Inalegea, au inayeyuka inakuwa lami nyeusi inayonata kila mahali. Usiinunue deki kwa kuona taa zinawaka. Weka kanda, sikiliza dakika kumi, kisha ipeleke mbele na nyuma mpaka mwisho. Ikisuasua kurudisha nyuma, mipira imekwisha. Kubadilisha si kazi kubwa, ila kipimo cha mpira kiwe sahihi, siyo ule unaokaa kwa kulazimisha.

La pili ni mwendo. Kanda inatakiwa kupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Redio nyingi zilizopita mikono mingi zinakimbia au zinaburuta. Nyuma ya mota nyingi kuna kitundu kidogo, ndani yake pana skurubu ya kurekebisha kasi. Bisibisi ndogo, geuza kidogo, sikiliza.

Swali ni unajuaje kasi sahihi. Kanda ya dukani linganisha na wimbo uleule kutoka chanzo unachokiamini. Kanda ya nyumbani ndiyo ngumu, lakini kama ilirekodiwa kwa redio iliyochomekwa kwenye umeme, mara nyingi kuna mngurumo mdogo wa umeme uliorekodiwa pamoja na sauti. Umeme wetu ni hezi 50. Chukua sehemu ya kimya kwenye Audacity, tazama mchoro wa masafa, tafuta kilele kilichosimama karibu na 50 au 100. Ukikikuta kwenye 52, kanda inakimbia kwa asilimia 4, irudishe kwa kiasi hicho. Hakikisha tu mngurumo huo hautoki kwenye waya zako za sasa: simamisha kanda, kama kilele bado kipo, hicho ni chako cha leo, wala hakina habari na kanda.

Mzee wa Upande B

Fundi umemaliza kila kitu. Hiyo ya mngurumo nitaiiba. Kwa wale waliorekodi kwa betri haitasaidia, na betri zikiwa zinaisha kanda ilirekodiwa polepole, ndiyo maana ukiicheza leo watu wanaongea kama wamevuta hewa ya puto. Hapo utarekebisha kwa sikio, ukiwa na ndugu anayeikumbuka sauti ya mhusika.

Kijana wa Leo

Wazee mnajitesa. Mimi naweka simu mbele ya spika, narekodi, nimemaliza. Bibi mwenyewe hajui tofauti.

Mzee wa Upande B

Kama kanda inaoza leo na huna kingine, rekodi kwa simu, sitakulaumu. Lakini kinasa sauti cha simu kinapandisha na kushusha sauti chenyewe, kinafuta kile kinachodhani ni kelele, na kinachukua chumba chako kizima, feni, jogoo na bodaboda za nje. Miaka ishirini ijayo hutaweza kutenganisha jogoo wa leo na jogoo wa kwenye kanda. Waya wa RCA na kadi ya USB si gharama ya kutisha, mkichanga ndugu wawili mnanunua.

Mswahili wa Maskati

Assalaam alaykum. Niko Muscat, ukoo wetu asili yake Unguja. Tuna kanda za taarabu za harusi zilizokuwa zikija na wasafiri, hizo nimeshapata maelezo, ahsanteni. Swali langu ni santuri nzito nyeusi za bibi, za kasi 78. Moja imeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, nyingine lebo imefutika. Gramafoni yangu ina 33 na 45 tu. Naweza?

Mzee wa Upande B

Waalaykum salaam, karibu sana. Hapo umeshika mali. Usizioshe kwa alkoholi hata tone. Hizo si plastiki, ni utomvu wa shellaki, na alkoholi inauyeyusha uso wake palepale. Maji yaliyokenekwa na tone la sabuni, haraka, kausha mara moja, lebo isiguswe na maji. Na zinavunjika kama sahani ya udongo, usizilundike moja juu ya nyingine.

Kasi si tatizo kubwa. Cheza kwa 45, rekodi, kisha kwenye Audacity ile sehemu ya kubadilisha kasi ina uchaguzi wa kutoka 45 kwenda 78. Tatizo kubwa ni sindano. Mfereji wa 78 ni mpana, unataka sindano ya upana wa sehemu 3 kati ya elfu moja za inchi hivi, ya kawaida ni ya sehemu 0.7, inazama chini na kukwangua uchafu. Katriji nyingi zina sindano ya 78 inayouzwa peke yake. Pia RIAA ilikuja baadaye, kampuni za zamani kila moja ilikuwa na kipimo chake, kwa hiyo usishangae besi ikikaa vibaya. Sawazisha kwa sikio kwenye nakala.

Ukumbuke kwamba Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zao zilikuwa za aina hiyo. Sisemi ndizo ulizonazo. Nasema usimruhusu mtu akudanganye kuzinunua kabla hujasoma namba zilizochorwa karibu na lebo.

Mswahili wa Maskati

Allah akuzidishie. Naagiza sindano.

DJ Mkwaju

Mimi nina studio. Nawashauri kelele ziondoeni zote. Audacity ina kipunguza kelele, chukua sampuli ya kimya, bonyeza, sshhh yote inaondoka. Watu wa leo hawavumilii mchakacho wa kanda.

Mzee wa Upande B

DJ hapo tutatofautiana. Ukibana kelele mpaka iishe, unapata sauti ya watu wanaoongea ndani ya pipa la maji, na vile vinanda vidogo vya nyuma vinakwenda na kelele. Ipunguze kwa desibeli 6, ikizidi sana 9, kisha usikilize kilichotolewa peke yake, Audacity inakuruhusu kusikia mabaki. Ukisikia maneno au ala humo, umezidisha. Mikwaruzo ya santuri ifutwe mmojammoja kwa mkono pale inapokera kweli. Kelele ya kanda sikio linaizoea baada ya nusu dakika. Sauti ya pipa haliizoei kamwe.

Na kuna "mwangwi" unaotangulia, unasikia neno kwa mbali kabla mtu hajalisema. Tabaka za utepe zimeambukizana sumaku kwa kukaa zimekunjwa. Hilo kipunguza kelele hakiliwezi, liache.

DJ Mkwaju

Kwa kanda za mazungumzo nakubali. Kwa disko narudi kwangu 😂

Mpenda Zilipendwa

Mkuu, nikishahamisha naweza kuziweka YouTube na kula hela ya matangazo? Wenye nyimbo wengi wameshafariki.

Mzee wa Upande B

Kufariki hakumalizi haki. Tanzania kuna sheria ya hakimiliki ya 1999 na COSOTA, Kenya kuna ya 2001 na KECOBO, taasisi zinazosimamia hakimiliki, na pande zote mbili haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki 1979, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi 2029. Marijani alifariki 1995, piga hesabu mwenyewe. Warithi wapo, na wengine wanaishi maisha magumu huku watu wakivuna matangazo kwa jasho la baba yao. Kuhamisha ya kwako ukasikiliza nyumbani ni jambo moja, kuchuma ni jingine. Tafuta familia, muongee, mgawane.

Hata kanda ya harusi, omba ruhusa ya wenyewe kabla ya kuirusha. Humo mna watu walioimba na kusema kwa uhuru kwa kuwa walijua wako wanawake peke yao, na kuna shairi la mafumbo lililomsema jirani ambaye bado anaishi mtaa wa pili.

Binti Pangani

Hilo la jirani ni kweli kabisa, kwetu lingezua kesi 😅 Swali la mwisho mzee: nikimaliza nihifadhi wapi? Nina flashi ya GB 64.

Mzee wa Upande B

Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Weka kwenye diski mbili za nje, moja kwako, nyingine kwa ndugu anayekaa mji mwingine, ili mafuriko au mwizi asichukue zote. Ukiwa na intaneti ya kutosha ongeza nakala ya tatu mtandaoni. Kila mwaka zichomeke uangalie zinafunguka.

Majina ya faili yaanze na mwaka, kisha mahali, kisha kilichomo, mfano 1984_Tanga_harusi_upandeA. Mwaka usioujua andika 198x. "Kanda mpya 3 final" hakuna atakayeielewa.

Na kabla hujamaliza, mchezee mama au shangazi mkubwa, uwashe kinasa sauti cha simu pembeni wakati anasikiliza. Atakwambia huyu ni nani, yule ni nani, huyu anayecheka ni mke wa fulani. Hapo simu inaruhusiwa. Faili hilo liweke folda moja na la kanda.

Binti Pangani

Shukrani. Kanda zenyewe nizirudishe tena kwenye ghala?

Mzee wa Upande B

Hapana. Ziweke wima ndani ya vikasha, chumba chenye hewa, mbali na spika kubwa kwa sababu zina sumaku. Usizitupe hata baada ya kuhamisha, huenda kesho ukapata deki bora ukarudia.

Fundi Mota

Na asiyezitaka asitupe maganda yenye skurubu. Nayanunua.